Wawili Wote Walikuwa Mbele: Uhakiki wa Ugomvi wa Gemu za Mbio Mchikichini

Kaa nusu saa tu kwenye benchi la vijana Mchikichini, pale ambapo meza za mitumba zimeanza kufungwa na simu zimeanza kutoka mifukoni, lazima utaisikia sentensi hii: "Mimi ndiye niliyekuwa mbele." Inasemwa kwa sauti ya juu, simu imeinuliwa kama ushahidi mahakamani. Kabla haijaisha, mwenzake ameshainua ya kwake. "Mbele wapi, mwanangu? Hebu cheki hapa!" Na kweli, ukizicheki simu zote mbili, kila moja inaonyesha mwenyewe ameshinda.

Hapo ndipo mjadala unapogeuka kuwa darasa la kompyuta. Mmoja anasema seva inabeba watu. Mwingine anasema modi ya basi la mwenzake imeongezewa nguvu. Wa tatu, ambaye hata hachezi, anatangaza kwamba gemu yenyewe imeandikwa vibaya. Na kwa kuwa anayeshindwa ndiye anayelipa soda, au analipa jero au buku waliyowekeana, maneno makali hayachelewi. Mtu anaitwa mwizi, na jina hilo linaweza kumganda mtaani kuliko hiyo buku.

Leo nataka tuufanyie uhakiki ugomvi huo, kama vile mtu anavyohakiki tamthilia. Nimeona watu wengi wakiupuuza kama kelele za vijiweni. Mimi naona umejaa dhana za kisayansi, nyingine nzuri sana, nyingine zimepinda. Na gemu zenyewe nazo zina kesi ya kujibu.

Tuanze na gemu inayozua mengi. Bus Simulator Indonesia, ambayo wengi wanaiita BUSSID, ilitolewa na kampuni ya Maleo ya Indonesia mwaka 2017. Ni gemu ya simu, na inaruhusu mchezaji kuweka rangi na magari yake mwenyewe. Mlango huo ndio ulioiingiza Tanzania. Kijana anaweza kuendesha basi lililopakwa rangi za kampuni anayoipenda ya mikoani, ingawa barabara nje ya kioo ni ya Java. Wapenzi wa mabasi nchini kwetu walikuwa wanabishana kuhusu nani anafika Mwanza mapema miaka mingi kabla ya simu janja, kwa hiyo gemu ilikuta ubishi uko tayari. Ikaupa uwanja.

Ila kumbuka jambo moja: gemu hii haikutengenezwa kuwa ya mbio. Ni gemu ya kubeba abiria, kupiga honi na kufika salama. Wachezaji wanapokutana kwenye msafara wa mtandaoni na kuamua "tunaanzia hapa, tunaishia pale kwenye daraja," wanaigeuza kuwa ya mbio kwa makubaliano ya mdomo. Hakuna refa wala utepe wa mwisho. Anayeamua ni jicho la kila mtu kwenye skrini yake mwenyewe, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Fikiria wewe na mimi tumekaa benchi moja, bega kwa bega. Wewe una bando la mtandao wako, mimi nina la kwangu. Ninapokanyaga mafuta, habari haitoki kwenye simu yangu kuja kwenye yako moja kwa moja. Inapanda mnara, inaingia kwenye mkongo wa baharini, inafika kwenye seva ya gemu nchi za mbali, halafu inarudi njia ndefu vilevile mpaka kwenye simu yako, sentimita thelathini kutoka pale ilipoanzia.

Tupige hesabu kidogo. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, pungufu ya kasi yake angani kwa theluthi moja hivi, kwa sababu kioo kinaupunguza mwendo. Tuseme seva iko Ulaya, na njia ya mkongo kutoka Dar ina urefu wa kilomita 10,000. Kwenda na kurudi ni kilomita 20,000, yaani milisekunde 100, sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hapo hujahesabu mnara wa simu, foleni ya vifaa vya njiani, wala muda ambao seva inachukua kupokea na kusambaza. Tukisema jumla ni milisekunde 200, hatujamwonea mtu.

Basi linalokwenda kilomita 100 kwa saa linatembea mita 27.8 kila sekunde. Kwa milisekunde 200 linatembea mita 5.6, karibu nusu ya urefu wa basi la mita 12. Sasa tia akilini kwamba mabasi yetu yako sawa kabisa, pua kwa pua. Skrini yangu inanionyesha basi langu lilipo sasa hivi, kwa sababu linaendeshwa na simu yangu mwenyewe. Basi lako inanionyesha lilipokuwa milisekunde 200 zilizopita. Kwa hiyo nakuona uko nyuma yangu kwa nusu basi. Na wewe je? Wewe unaniona mimi niko nyuma yako kwa nusu basi hiyohiyo.

Wote wawili tuko mbele, na hakuna aliyedanganya. Mahakama ya benchi inapomhukumu mmoja wetu kuwa mwizi, inamhukumu kwa kosa la kasi ya mwanga.

Waandaaji wa gemu wanalijua tatizo hili zamani sana. Mradi wa SIMNET wa jeshi la Marekani, ulioanza miaka ya 1980, uliunganisha vifaru vya kuigiza vilivyokuwa vituo mbalimbali, nao ulikabiliwa na swali lilelile: nikuonyeshe mwenzako yuko wapi wakati habari zake zimechelewa? Jibu lao lilitoka baharini. Nahodha wa jahazi anayetoka Unguja kwenda Mombasa usiku, bila kuona ardhi, anajua alipoanzia, anajua mwelekeo, anajua mwendo na muda uliopita, basi anakadiria alipo. Programu nayo inafanya hivyohivyo. Inachukua habari ya mwisho ya basi lako, mahali, mwendo na mwelekeo, halafu inalisogeza kwa kukisia mpaka habari mpya ifike.

Ukienda moja kwa moja, ukisio unakaa vizuri. Ukifunga breki ghafla au ukikata kona, simu yangu bado inaamini unakwenda mbele. Habari mpya inapofika, programu inagundua imekosea na kukuhamisha. Kwangu mimi basi lako limeruka kama jini, limepita ndani ya lori na kutokea upande wa pili. Ule mruko ambao vijana wanauita uchawi au kudukua ni nahodha anayesahihisha ramani yake.

Hapa nina ugomvi na lugha ya benchi. Neno "inastak" linabebeshwa magonjwa mawili tofauti, kama zamani kila joto la mwili lilivyoitwa malaria. Kuna kustak kwa simu na kuna kustak kwa mtandao. Ukiona basi lako mwenyewe linakwenda kwa kugandaganda, picha inashika na kuachia, huyo ni mgonjwa wa simu: chipu imezidiwa, au simu imepata moto na kujipunguza kasi. Ukiona basi lako linateleza vizuri lakini ya wenzako yanarukaruka, huo ni mtandao. Vijana wanaotofautisha haya mawili wapo, na ukikaa nao utafurahi. Wengi wanayachanganya, na matokeo yake mtu ananunua bando kubwa kutibu simu iliyochoka.

Bando kubwa nalo lina imani yake. "Mimi nina GB kumi, haiwezi kuwa lagi ya kwangu." Ukubwa wa bando ni ujazo wa tenki la maji, haukuambii maji yanachukua muda gani kutoka Ruvu mpaka bombani kwako. Gemu ya mbio inatuma habari ndogondogo sana. Inachotaka ni zifike mapema, na zifike kwa mpangilio usioyumba.

Na njia zenyewe zinayumba kwa sababu zisizo na uhusiano wowote na mchezaji. SEACOM ilianza kufanya kazi Julai 2009 na EASSy mwaka 2010, na kabla ya mikongo hiyo tulikuwa tunategemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu, ambako kwenda na kurudi peke yake ni karibu robo ya sekunde kwa kila upande wa safari. Kwa hiyo tulipiga hatua kubwa. Lakini tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Siku zile hakukuwa na ubishi wa nani alikuwa mbele.

Twende kwenye tuhuma ya pili: "Modi yako imeongezewa." Hii naipenda, kwa sababu inaweza kupimwa, na bado karibu hakuna anayeipima. Basi la kwenye gemu halina chuma wala dizeli. Ni orodha ya namba: uzito, nguvu ya injini, msuguano wa matairi, upinzani wa hewa. Aliyetengeneza gari ndiye aliyeziandika, au alikubali zile alizozikuta, na akitaka anaweza kuandika uongo. Swali ni kama unaweza kumkamata bila kuona msimbo wake.

Unaweza, kwa fizikia ya kidato cha nne na kidogo juu yake. Nguvu inayohitajika kupasua hewa hukua kwa mwendo uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Chukua basi lenye uso wa mbele wa mita za mraba 8, kipeo cha upinzani 0.6, na hewa ya kilo 1.2 kwa mita ya ujazo. Kwa kilomita 100 kwa saa, hewa peke yake inakula kama kilowati 62. Ongeza mwendo mara mbili, ufike 200, nguvu haiongezeki mara mbili bali mara nane: kilowati 494, yaani nguvu za farasi zaidi ya 660, bado hujalipa msuguano wa matairi. Basi la mikoani lenye injini ya farasi 400 haliwezi kufika huko kwenye barabara tambarare, hata dereva awe na moyo wa namna gani. Kwa hiyo modi inayokwenda 200 imeongezewa, au gemu nzima imepuuza hewa. Liweke basi hilo na basi la kawaida la gemu kwenye barabara moja iliyonyooka, piga muda wa kutoka 0 mpaka 100 kwa saa ya simu nyingine, utajua ni lipi kati ya hayo mawili. Dakika tano, na hakuna haja ya kumtukana mama wa mtu.

Kinachonichekesha ni kwamba mabasi ya kweli yameshatatua jambo hili kuliko ya gemu. Basi la abiria lina kifaa cha LATRA cha kufuatilia mwendo, na likizidi kilomita 80 kwa saa taarifa inakwenda kwa mtu wa tatu. Dereva hawezi kusema "kwangu ilionyesha 78." Kwenye msafara wa gemu kila simu ni dereva, abiria na trafiki kwa wakati mmoja.

Tuhuma ya tatu ni ya mabanda yenye mashine za zamani na kompyuta za mezani, ambako Need for Speed: Most Wanted ya mwaka 2005 bado ina wazee wake. "Kompyuta inaiba." Nitasema wazi: hapa benchi lina haki. Ukiendesha vizuri sana, wapinzani wanaoendeshwa na programu wanaongezewa mwendo wakufikie. Ukigonga ukuta, wanakusubiri bila kukuambia. Ni kama mmefungwa kwa mpira wa manati. Wabunifu wanautetea kwamba bila huo, mbio zinakwisha kwenye kona ya kwanza na mchezaji anachoka. Sawa, hoja ina uzito. Ila mchezaji anaambiwa kwamba ustadi ndio unaoamua, na mpira umefichwa chini ya kapeti. Ungeonyeshwa kwenye mipangilio, mtu auwashe au auzime, nisingekuwa na neno. Kuuficha ndiko kunakomfundisha kijana kwamba kila mashine ni tapeli, na akishaamini hivyo, hata pale ambapo ni kasi ya mwanga tu ataona mkono wa mwizi.

Kwamba programu inaweza kushinda bila mpira huo tumeshaona. Februari 2022 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti wa Sony kuhusu programu iitwayo GT Sophy, iliyojifunza kuendesha kwenye Gran Turismo kwa kujaribu na kukosea. Ilikuwa na kasi ya kuwazidi madereva bingwa wa gemu hiyo, lakini kwenye pambano la kwanza la timu, Julai 2021, wanadamu waliibuka na pointi zaidi. Ilirudi Oktoba ikashinda. Moja ya kazi ngumu kwa watafiti ilikuwa kuifundisha adabu: isiwe mkorofi wa kugonga watu, wala isiwe mwoga kupita kiasi. Yaani hata mashine ilibidi ifundwe.

Sasa kuna tuhuma ambayo benchi huisema mara chache, nami naona ndiyo nzito kuliko zote: simu yenyewe inaweza kubadilisha sheria za fizikia za gemu. Programu hupiga hesabu za mwendo hatua kwa hatua. Mwandishi mvivu anaweza kuandika, "kila fremu, punguza mwendo kwa asilimia moja," kuigiza msuguano. Kwenye simu nzuri yenye fremu 60 kwa sekunde, mwendo wa 100 unabaki kama 55 baada ya sekunde moja. Kwenye simu ya bei nafuu yenye fremu 30, unabaki 74. Msimbo uleule, basi lilelile, lakini mwenye simu mbovu anateleza mbali zaidi. Hata kampuni kubwa zimewahi kujikwaa hapo. Need for Speed Rivals ya mwaka 2013 ilifungwa kwenye fremu 30 hata kwenye kompyuta, na waliolazimisha 60 bila kurekebisha na upande wa hesabu za mwendo waliona mchezo mzima unakimbia kwa kasi maradufu. Dawa inajulikana: acha picha ziende kwa kasi yoyote, ila fizikia ipige hatua za muda uleule kwenye kila kifaa. Sokoni Kariakoo ambako simu za kila bei zinauzwa mlango kwa mlango, hilo ni suala la haki kabisa.

Nimalize na tabia moja inayonikera. Mjadala ukifika kwenye programu, hujitokeza mtu wa kuwanyamazisha wengine. "Wewe hata Python hujui, utaongea nini?" Au ile nyingine: "Gemu imeandikwa kwa C#, ndiyo maana nzito, wangetumia C++ isingestak." Kaka, lugha ya programu inaweza kupunguza mzigo wa chipu. Haiwezi kuufupisha mkongo hata kwa mita moja. Kijana asiyejua kuandika hata mstari mmoja, lakini akasema "mbona mruko unatokea mkikata kona tu, si mkienda moja kwa moja?" amefanya sayansi zaidi ya huyo bingwa wa majina ya lugha. Ametazama, ameona mpangilio, na swali lake lina jibu linaloweza kupimwa. Nimemsikia mmoja akiuliza hivyohivyo. Alizomewa.

Kama mnataka kukata shauri kwenye benchi lenu, chukueni simu ya tatu yenye uwezo wa kurekodi video za mwendo wa polepole, fremu 240 kwa sekunde. Wekeni simu mbili zinazocheza kando kwa kando, zirekodini zote mbili ndani ya video moja kuanzia mnapokaribia daraja. Hesabuni fremu kati ya basi kuvuka kwenye skrini ya mwenyewe na basi hilohilo kuvuka kwenye skrini ya mwenzake. Kila fremu ni kama milisekunde nne. Mkipata fremu 48, mmechelewana milisekunde 200. Fanyeni kwa mabasi yote mawili, kwa sababu njia ya kwenda na ya kurudi si lazima zilingane. Ushindi ukiwa mwembamba kuliko pengo hilo, andikeni sare na kila mtu ajilipie soda yake.

Na kama gemu mnayocheza inaruhusu kuunganishwa kwa hotspoti ya simu moja bila kupitia seva ya mbali, chezeni hivyo kwanza, halafu rudieni mbio zilezile kupitia intaneti. Mabasi yakiacha kuruka kwenye hotspoti, mtakuwa mmempata mtuhumiwa, na hatakuwa mmoja wenu.